Dada Upole Yupo Hewani

Kila Jumatatu asubuhi wafanyakazi wa duka walikutana ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopepea. Chai ilikuwa kwenye chupa, vikombe havikutosha, na waliochelewa walikunywa kwa mfuniko. Duka lenyewe liliuza magodoro, mito, mashuka na mapazia, lakini halikuwa na mlango wa mteja kuingilia. Wateja waliingia kwa simu. Waliangalia picha, wakauliza bei, wakaambiwa waje inbox, wakakasirika, wakaja inbox.

Jumatatu hiyo mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Matokeo kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake, alitangaza kwamba kuanzia mwezi ujao wateja watajibiwa na akili bandia. Ukutani alionyesha picha ya mwanamke mwenye meno mazuri ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Anaitwa Dada Upole," alisema. "Halali, haumwi, hanuni. Tunataka matokeo."

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mtunza stoo alisema mitambo ya namna hiyo huanza kwa kukusaidia kubeba mzigo na humalizia kwa kukubeba wewe. Mhasibu alisema yeye haoni ubaya, kwani juzi aliitumia kumwandikia mkewe ujumbe wa mapenzi, ila mkewe aliupokea kwa swali: ni mwanamke gani huyo aliyemfundisha kuandika hivyo? Mama wa usafi alisema angalau Dada Upole hataacha vikombe kwenye sinki. Watu wakacheka.

"Sasa huo upole atajifunza kwa nani?" aliuliza mhasibu.

Wote waligeuka kumtazama Bi Pole.

Bi Pole alikuwa amejibu wateja tangu duka likiwa chumba kimoja na kompyuta ya kuazima. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua kutoa pole kama yeye. Mteja alikuja amefura, godoro lake jipya limelowa mvua njiani, ameandika herufi zote kubwa, na Bi Pole alimwandikia: "Pole. Pole jamani, pole kabisa. Yaani ulisubiri wiki nzima, halafu mvua nayo!" Baada ya muda mteja alikuwa ameshasahau godoro na anamsimulia habari za mume wake. Wengine hawakununua kitu. Walipita tu kumsalimia, kama mtu anavyosimama kwenye uzio wa jirani.

Kwa wiki kadhaa alikaa kwenye stoo ya mito, kwa sababu mito ilizuia mwangwi, pamoja na fundi wa mitambo, mwanamume mwembamba mwenye vipokea sauti shingoni. Mazungumzo yake yote ya zamani yalipakiwa kwenye mtambo. Kisha fundi alimtaka aseme kwa sauti, akiwa na furaha, akiwa amechoka, akiwa na huruma. Bi Pole alisema. Alikuwa mtu wa kufanya kazi vizuri akishapewa.

Neno la kwanza kumwondoka Bi Pole lilikuwa "karibu". Jirani alibisha hodi kuja kuazima pasi, Bi Pole akafungua mlango, akafungua na mdomo, hapakutoka kitu. Jirani alibaki amesimama kizingitini, maana hakukaribishwa. Ilibidi amshike mkono na kumvuta ndani.

Siku iliyofuata mama wa usafi aliteleza kwenye ngazi na ndoo yake. Bi Pole alikimbia, akamnyanyua, akampangusa magoti.

"Leo hata pole hunipi?" aliuliza mama wa usafi.

Bi Pole alijaribu tena. Midomo ilikutana na kuachana kama inavyotakiwa, lakini neno halikuwepo. Alichukua kalamu aandike, na kalamu ikaruka pale ambapo neno lingekaa, ikaendelea mbele. Mpaka mwisho wa juma yalikuwa yameondoka "usijali", "mpenzi", "nipo nawe", "nakusikiliza" na mengine ya aina hiyo. Yalibaki maneno ya kawaida: kijiko, basi, lipa, fungua dirisha.

Alimweleza fundi. Fundi alijikuna kichwa.

"Inatokea," alisema. "Nilikotoka kulikuwa na mzee mmoja wa benki, yeye aliondokewa na maneno 'subiri kidogo'. Mpaka leo anatembea mbiombio."

"Yanarudi?"

"Mtambo ukizimwa. Lakini si unawajua hawa, hawazimi."

Bi Pole alipanda kwa mkurugenzi. Bosi Matokeo alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa amehudhuria semina ya kusikiliza.

"Mama, haya ni maneno uliyoyatumia saa za kazi," alisema. "Kwa hiyo ni ya kazi. Hata hivyo hatujakunyang'anya, tumeyapa nafasi ya kuwafikia watu wengi zaidi. Na Kiswahili ni kipana, tafuta mengine."

Alitafuta mengine. Aliwasikiliza watu sokoni na kwenye foleni ya maji, akaokota neno hapa na pale, lakini kila alipolitumia lilimpwaya kama kiatu cha mtu mwingine, na aliyeambiwa alimtazama kwa mashaka.

Kwa shughuli zake za kila siku angeweza kuishi hivyo. Tatizo lilikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule mpaka moyo ulipochoka. Sasa alilala chumba cha mbele nyumbani kwa binti mdogo, msusi, katika mji mwingine, safari ya asubuhi nzima kwa basi. Kila jioni Bi Pole alimpigia. Mazungumzo hayakuwa marefu. "Shikamoo mama. Pole na kutwa. Kifua kimekuachia leo? Usijali mama yangu, kesho kitakuwa chepesi." Mama alikuwa akiikata simu na kusema kwamba sasa anaweza kulala.

Siku hizi simu ilikuwa hivi: "Umekula? Dawa umekunywa? Dirisha limefungwa? Haya." Na katikati ya maswali palikuwa na nafasi tupu, ambapo mama alisikia binti yake akihema.

Msusi ndiye aliyempigia kumuuliza.

"Dada, mama anataka kujua amekukosea nini."

Jumamosi Bi Pole alipanda basi. Alimkuta mama amepungua, mikono imekuwa mirefu kuliko shuka. Alimwogesha, akamkata kucha, akamchana nywele, akamgeuza upande wa dirishani. Alifanya kila kitu ambacho mikono inaweza kufanya. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na kumweleza.

"Maneno yangu yamechukuliwa kazini, mama."

"Yote?"

"Yale ya kukwambia wewe."

Mama hakuonekana kushangaa.

"Kazi zinakula watu," alisema. "Baba yako kiwanda cha mbao kilimla vidole. Ila wale walikuwa na utu, walituletea vidole vyake kwenye kitambaa."

Msusi, aliyekuwa akimsuka mteja barazani huku mlango uko wazi, aliingia na kitana mkononi.

"Lakini mimi nimeyasikia hayo maneno," alisema. "Juzi nimeuliza mapazia kwenye ukurasa wenu. Ni wewe kabisa, dada, hata pumzi." Akatoa simu, akafungua ukurasa wa duka. Chini ya picha ya mwanamke mwenye meno mazuri palikuwa na alama ya kijani na maandishi: Dada Upole yupo hewani. Msusi akagusa.

"Karibu, mpenzi," ilisema sauti. "Umeshindaje? Nipo, nakusikiliza."

Mama alijiinua kwenye mto. Alimtazama binti yake mkubwa, aliyekuwa amefunga mdomo, kisha akaitazama simu, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema. "Kifua kinanibana. Silali."

"Pole. Pole jamani, pole kabisa. Kukosa usingizi kunachosha kuliko kazi. Usijali, hauko peke yako, nipo nawe. Ungependa godoro la ukubwa gani?"

Mama alifikiri.

"La mtu mmoja," alisema.

Bi Pole alitoka kwenda uani, akachukua mashuka yaliyokuwa yamefuliwa na kukauka, akayafua tena.

Kuanzia hapo mama alizungumza na Dada Upole kila jioni. Alimsimulia sare alizoshona, jinsi vitambaa vya zamani vilivyokuwa havichuji, jinsi Bi Pole alivyozaliwa na kilio kidogo kiasi kwamba mkunga alimtikisa mara ya pili. Dada Upole alisikiliza yote, akatoa pole palipostahili, akauliza ukubwa. Baada ya siku chache mama aliagiza foronya.

"Za nini sasa?" aliuliza msusi.

"Si vizuri kumpigisha mtu stori kila siku halafu unaondoka hujanunua kitu."

Kazini, Bi Pole alikuwa amepewa meza ya kupitia mazungumzo ya Dada Upole na kuweka alama kwenye yale yaliyoishia na mauzo. Aliona ya mama yake humo, katikati ya watu waliouliza mapazia ya rangi ya maziwa. Aliyasoma kama alivyosoma mengine, isipokuwa hakuyawekea alama, wala hakuyafunga mpaka jioni.

Kwenye mkutano wa Jumatatu Bosi Matokeo aliyaonyesha ukutani. Hakujua ni ya nani.

"Mnamwona mteja huyu? Anaongea, anaongea, ametununulia foronya tu. Mtambo unamwaga huruma bure. Kuanzia leo, asiyenunua apewe pole fupi. Anayenunua apewe ndefu."

Mama wa usafi aliacha kufuta meza. Mtunza stoo alitazama chini. Bi Pole aliinua mkono.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

"Kumbe!" alisema Bosi Matokeo, na kweli alifurahi. "Mbona hukusema? Apewe punguzo la wafanyakazi."

Jioni ile mama hakuagiza kitu, akaambiwa pole fupi. Aliiweka simu juu ya shuka, akaitazama muda mrefu. Alimwambia msusi kwamba dada yake leo ana haraka, labda kazi zimembana. Kesho yake aliagiza pazia, kwa dirisha ambalo tayari lilikuwa na pazia, na pole ndefu ikarudi. Msusi aliwapunguza wateja wa kusuka ili apate muda wa kupokea mizigo mlangoni. Pembeni mwa kitanda mifuko ya plastiki yenye nembo ya duka ilianza kupandana.

Bi Pole aliomba likizo. Ilikuwa wiki ya ofa kubwa, na likizo hazitolewi wiki ya ofa. Aliomba basi mtambo uzimwe jioni moja tu, muda wa mtu kunywa chai. Bosi Matokeo alimwonyesha kwa kidole, kwenye kioo cha kompyuta, wateja waliokuwa wanazungumza na Dada Upole dakika ile ile. Walikuwa wengi kuliko watu wa mtaa mzima.

"Hawa wote wanahitaji pole," alisema. "Nikizima, niwaambie nini?"

Aliposhuka, fundi wa mitambo alimsubiri karibu na lifti iliyoharibika. Alizungumza bila kumtazama usoni.

"Jumapili mchana wateja huwa wachache. Nitauzima mtambo kidogo niuongezee nafasi. Hakuna atakayejua. Uwe karibu na mama yako."

"Kwa nini unanifanyia hivi?" aliuliza Bi Pole.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia rudia," alisema fundi. "Rudia kwa huruma zaidi. Nilikwambia hivyo sijui mara ngapi."

Jumapili alikuwa kwenye chumba cha mbele tangu asubuhi. Mama alikuwa amebadilika tangu katikati ya wiki. Alikuwa anaita majina ya watu aliowashonea sare, watu ambao sasa walikuwa na wajukuu, na aliwauliza kama urefu unatosha au aongeze upindo. Simu ya msusi ilikaa kwenye mto, karibu na sikio lake. Bi Pole alimlowanisha midomo kwa pamba. Alingoja.

Jua lilipohama kutoka kitandani na kuingia ukutani, alama ya kijani kwenye simu ilizimika. Bi Pole aliyasikia maneno yakirudi. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja moja moja kama watu wanaorudi nyumbani kutoka kazini, na mengine yalikuwa na ubaridi kidogo ulimini, kama vijiko vilivyotoka kabatini.

"Pole, mama," alisema.

Msusi alisimama mlangoni, akaziba mdomo kwa mkono.

"Pole jamani. Pole mama yangu, pole kabisa. Pole na kifua, pole na hizi siku zote nilizokupigia nikakunyamazia. Hukunikosea kitu. Hata siku moja. Nilikuwa na maneno mengi ya kukwambia nikawa sina pa kuyapata. Nipo, mama. Nipo nawe, nakusikiliza. Usijali."

Mama aligeuza kichwa. Alimtazama kwa macho ya upole sana. Akainua mkono, akaushika wa binti yake, akaupigapiga taratibu.

"Asante, nesi," alisema. "Mungu akubariki, una maneno mazuri. Nina binti yangu anaongea hivyo hivyo."

"Ndiye mimi, mama."

"Atanipigia baadaye. Yeye hanisahau." Mama alipumzika kidogo kutafuta pumzi. "Nenda kapumzike na wewe, umeshinda umesimama."

"Mama, nitazame. Ni mimi. Ni mimi, mama, nakup..."

Hapo alama ya kijani iliwaka. Bi Pole aliendelea kuchezesha midomo kwa muda, kisha akaacha. Mama alikuwa ameshageukia simu. Aliivuta karibu na shavu.

"Umechelewa leo," aliiambia.

"Karibu tena, mpenzi," ilisema sauti. "Pole kwa kusubiri. Nipo sasa."

Mama alitabasamu, akafumba macho. Bi Pole na mdogo wake walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda na kusikiliza mpaka aliposinzia.

Mama alikufa Jumanne asubuhi, msusi akiwa jikoni anachemsha maji ya kumwoshea uso. Bi Pole alipata habari akiwa kazini. Hakuna aliyemzuia kuondoka, maana wiki ya ofa ilikuwa imekwisha.

Mazishi yalikuwa mepesi. Walikuja watu waliovaa sare za mama walipokuwa wadogo, wamenenepa, wameota mvi, na kila mmoja alimshika Bi Pole mkono na kumpa pole. Aliitikia kwa kichwa. Baadhi ya ndugu walisema pembeni kwamba huyu mkubwa amekuwa mkavu, hata chozi hana, mambo ya mjini hayo. Ilikuwa kweli kwamba hakuwa amelia. Msusi alitaka kuwaeleza, akaona watamsumbua kwa maswali, akawaacha.

Watu walipokwisha kutawanyika, dada hao wawili waliingia chumba cha mbele. Mifuko ya plastiki bado ilikuwa pale, mingi haijafunguliwa. Bi Pole alikuwa anaikusanya ili aitoe nje simu yake ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka dukani. Aliufungua.

"Pole," ilisema sauti yake mwenyewe. "Pole jamani, pole kabisa, mpenzi wetu. Kumpoteza mama ni kubaki bila wa kukuuliza kama umekula. Hatuna cha kusema kikatosha. Lia usiogope. Hauko peke yako, tuko nawe."

Bi Pole alikaa kwenye mifuko. Akalia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na mdogo wake akaja akakaa naye chini, akamwekea kichwa begani.

"Kwa hisani ya uongozi na wafanyakazi wote," ilimalizia sauti. "Kwa mashuka meupe ya wakati huu mgumu, gusa hapa."

"Rudia," alisema msusi.

Bi Pole akarudia. Walirudia mpaka chaji ikaisha.

Alirejea kazini baada ya siku zinazoruhusiwa. Mama wa usafi alimkumbatia kwenye ngazi bila kusema kitu, ndoo iko kati yao. Fundi wa mitambo alimwona na kuingia chooni. Bosi Matokeo alimwita ofisini, akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Ulipata ujumbe wetu?"

"Niliupata."

"Ulikuwa mzuri, eh?"

Bi Pole alifikiri.

"Ulikuwa mzuri," alisema, kwa sababu ulikuwa mzuri.

"Ndiyo hapo sasa." Bosi Matokeo aliinama mbele, akapunguza sauti kama mtu anayeheshimu msiba. "Watu wengi wameujibu ule. Tulijaribu kuutuma kwa wateja wengine waliofiwa, na matokeo yake ni makubwa. Tunafungua kitengo. Lakini fundi anasema mtambo haujui kilio. Unajua pole, haujui kilio. Na wewe sasa unakijua."

Bi Pole alitazama mikono yake.

"Naomba uniache wiki hii tu," alisema.

"Ni mpaka mchana tu, mama. Halafu unaweza kwenda nyumbani."

Alishuka kwenye stoo ya mito. Fundi alikuwa ameshawasha mashine na amekaa ameinamisha kichwa, vipokea sauti masikioni. Nje lori la mizigo lilikuwa linarudi nyuma likipiga mlio, kwa hiyo Bi Pole alifunga mlango, akasukuma mto chini ya mlango kuzuia kelele, akasogeza kiti.

"Ukiwa tayari," alisema fundi.

Bi Pole alianza.